Kuhama Timu: Ulihama kwa Kupenda, au Ulikimbia Aibu?

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya kukutana: 2 Timotheo 1:15-18, 2 Timotheo 4:9-11, Luka 22:54-62, Ruthu 1:6-18



Majuma mawili yaliyopita, baada ya ibada, vijana walikuwa wamekaa chini ya mti nje ya kanisa wakingoja chai. Mmoja akaniuliza kwa sauti ili kila mtu asikie: "Mwalimu, ni dhambi mtu aliyeokoka kuhama timu?" Wenzake wakaangua kicheko, maana wote walijua anayesemwa ni nani. Kuna ndugu yetu ambaye msimu uliopita alivaa jezi ya rangi moja, na msimu huu amekuja na nyingine kabisa, na ya zamani ukimuuliza anasema mbuzi walikula.

Mimi sikucheka sana. Nilimwambia yule kijana kwamba swali lake si la kujibiwa kwa haraka kabla ya chai, nitalijibu kwa maandishi. Ukweli ni kwamba swali lile lilinishika pabaya. Mimi pia nilihama timu. Na siku nilipohama sikujua kwamba nilikuwa najifundisha kitu kingine kibaya zaidi, ambacho mwaka uliofuata nilikitenda kwa mtu wa damu yangu. Wacha niwaambie vile ilivyokuwa, halafu tufungue Neno pamoja.

1. Jinsi nilivyohama

Mimi nilikuwa Arsenal kwa sababu ya kaka yangu mkubwa. Msimu wa 2003/2004 Arsenal walicheza mechi 38 za ligi ya Uingereza bila kupoteza hata moja. Walishinda 26, wakatoka sare 12, wakachukua ubingwa. Sisi nyumbani hatukuwa na TV. Kaka alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa kamba ya tairi ili betri zisianguke, na zikiisha nguvu tulizianika juani. Yeye alisikia matokeo, mimi nikarudia majina: Henry, Vieira, Bergkamp, Pires. Tuliyarudia hata tukichunga, mpaka mama akatuuliza hao ni watoto wa nani.

Halafu kiangazi kikaingia. Arsenal walibeba Kombe la FA mwaka wa 2005, na baada ya hapo, hakuna. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Jumapili ya tarehe 28 Agosti 2011 wakaenda Old Trafford wakafungwa na Manchester United mabao 8 kwa 2. Nane, wapendwa. Siku hizo tulikuwa tayari tunatazama kwenye kibanda, jenereta ikinguruma nje, bob 20 mlangoni. Bao la sita lilipoingia watu waliacha kutazama TV, wakageuka kututazama sisi. Kaka alibaki pale mpaka refa akapiga kipenga. Mimi nilitoka bao la saba, nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Saa hiyo ilikuwa usiku. Hakuna mbuzi niliyeangalia.

Mwaka uliofuata, Agosti 2012, nahodha wetu Robin van Persie aliuzwa kwa hao hao Manchester United. Alikuwa ametoka kufunga mabao 30 ya ligi katika msimu mmoja. Alikuwa amekaa Arsenal miaka 8. Nikajiambia, kama nahodha mwenyewe amehama, mimi shabiki wa Kerio nangoja nini? Siku ya soko Lodwar nikanunua jezi ya mtumba, nyekundu ya United. Nikamwambia kaka, "Mimi namfuata mchezaji, sifuati timu." Lilikuwa neno zuri la kujitetea. Kaka alinitazama tu, akasema, "Haya."

Na kwa kipindi nilifurahi. Tarehe 22 Aprili 2013 van Persie alifunga mabao matatu dhidi ya Aston Villa, na United wakachukua ubingwa wao wa 20. Msimu huo alifunga mabao 26 ya ligi. Usiku ule niliingia kibandani kama mwenye shamba. Wale wale waliokuwa wakinicheka sasa waliniita "bingwa". Sikufunga bao lolote, lakini niliitwa bingwa. Utamu wa kukaa upande unaoshinda ndio huo: unakula usipolima.

2. Yule niliyemwacha kweli

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Mwezi wa Machi 2013, majuma machache kabla ya ubingwa ule, kaka yangu aliingia kwenye aibu. Alikuwa mhazini wa kanisa. Tulikuwa tunachanga pesa za mabati. Mtoto wake akashikwa na ugonjwa usiku, kukawa hakuna pesa ya kumfikisha hospitali Lodwar, na yeye alikuwa na shilingi 11,400 za kanisa ndani ya sanduku. Akazichukua. Mtoto akapona. Kabla hata wazee hawajaitisha vitabu, alikwenda mwenyewe akawaambia: nimechukua, nitalipa.

Lilikuwa kosa, na yeye hakuwahi kusema si kosa. Kanisa lilimweka chini ya nidhamu miezi sita. Akaacha kuongoza, akawa anaketi nyuma karibu na mlango. Na mji wetu mnaujua. Habari ilifika kisimani kabla ya watu kutoka ibadani.

Mimi nilifanya nini? Nilihama. Tulikuwa tunaketi pamoja, safu ya tatu upande wa kulia. Jumapili iliyofuata niliketi mbele, na kaka akaketi nyuma, na sikugeuza shingo. Nilikuwa na desturi ya kupita kwake kila jioni kunywa chai. Nikaacha. Nilianza kutumia njia ya upande wa mto ili nisipite mlangoni kwake. Mtu mmoja sokoni akaniuliza, "Si huyo mhazini ni ndugu yako?" Nikamjibu, "Ni ndugu, lakini mambo yake mimi siyajui."

Sikia jibu hilo. Lilitoka haraka na laini, kama kitu nilichokuwa nimeshakifanyia mazoezi. Na nilikuwa nimekifanyia mazoezi. Miezi saba kabla ya hapo nilikuwa nimejifunza kwamba ukichekwa kwa sababu ya upande wako, unaweza kubadilisha upande na kicheko kikaisha. Nilijifunza kwa jezi. Nikatumia kwa ndugu.

Arsenal hawakujua kwamba niliondoka. Hakuna mtu London aliyehesabu akaona amepungua mmoja wa Kerio. Kaka alijua. Shemeji alijua. Watoto wao, waliokuwa wakikimbia kunipokea njiani, walijua.

3. Dema na Onesiforo

Fungueni sasa barua ya pili ya Paulo kwa Timotheo. Paulo yuko Rumi, amefungwa minyororo. Anaandika kama mtu anayejua safari yake inakaribia mwisho. Na katika barua hii fupi anawataja watu wawili waliokutana na aibu ile ile, wakaitendea kwa njia mbili.

Wa kwanza ni Dema. Tusimdharau haraka. Soma Wakolosai 4:14 na Filemoni mstari wa 24, utamkuta Dema akitajwa vizuri, pamoja na Luka, kama mtenda kazi mwenzake Paulo. Alikuwa ndani, amevaa jezi. Lakini ukifika 2 Timotheo 4:10, Paulo anasema kwa huzuni kwamba Dema amemwacha, kwa kuupenda ulimwengu wa sasa, amekwenda zake Thesalonike. Angalia kwamba Biblia haisemi Dema alimtukana Paulo, wala haisemi walipigana. Alikwenda tu. Kuna watu wengi wanaoacha wenzao namna hiyo, bila ugomvi, bila neno. Wanabadilisha njia ya kupita jioni, basi.

Wa pili ni Onesiforo, katika sura ya 1. Paulo anasema watu wa Asia walimwacha. Lakini Onesiforo alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata. Fikiria maana yake. Rumi ni mji mkubwa. Wewe ni mgeni, na unauliza kila mlango, "Samahani, yule mfungwa yuko wapi?" Kila unapouliza unajitangaza kwamba wewe ni mtu wa huyo mfungwa. Paulo anasema Onesiforo hakuionea haya minyororo yake, na alimburudisha mara nyingi, si mara moja.

Mpendwa, minyororo ya Paulo ndiyo iliyowapima hao wawili. Paulo alipokuwa anahubiri na makutano yanakuja, hungeweza kuwatofautisha. Wakati timu inashinda, mashabiki wote wanafanana. Ni mabao 8 yanayotenganisha.

Wazee wetu huku wanaelewa jambo hili kwa mifugo. Kila ukoo una alama yake inayochomwa kwenye ngozi ya mnyama, emachar. Kiangazi cha kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, mvua ilipokosa msimu baada ya msimu, mara tano, ng'ombe na ngamia walikonda mpaka mbavu zikahesabika. Je, alama ilifutika? Hapana. Mnyama alikonda, alama ikabaki, na mwenye alama hakusema, "Huyu aliyekonda si wangu." Sisi ndio tunaotaka kuwa na ndugu wanene tu.

4. Kuota moto wa watu wengine

Kuna mwingine aliyebadilisha upande usiku mmoja, na huyo ni mtume. Soma Luka 22:54-62. Yesu amekamatwa. Petro anafuata kwa mbali, halafu anaingia uani, anaketi na watu wengine kwenye moto. Kulikuwa na baridi, na moto ni mzuri. Tatizo ni moto wa nani. Mara tatu anaulizwa kama yeye ni wa Yesu, na mara tatu anakana kwamba hamjui.

Nilipokuwa nikisoma habari hii zamani nilikuwa nashangaa, Petro angewezaje? Siku hizi sishangai. Najua moto wa kibanda. Najua joto la kuitwa bingwa na watu ambao jana walikucheka. Ukishaketi kwenye moto wao, ukiulizwa habari ya ndugu yako, jibu linatoka lenyewe: mambo yake mimi siyajui.

Lakini msomaji, usiishie mstari wa 60. Mstari wa 61 unasema Bwana aligeuka, akamtazama Petro. Bwana alikuwa ndiye aliyefungwa, ndiye aliyekuwa akipigwa, na bado alipata nafasi ya kugeuka. Mimi nilikataa kugeuza shingo kanisani, kutoka safu ya mbele mpaka ya nyuma. Yeye aligeuka.

5. Benchi ya kibanda

Mungu alinitazama mimi mahali ambapo sikutarajia. Haikuwa kwenye kesha, wala kwenye mkutano wa injili. Ilikuwa kibandani.

Baada ya ubingwa ule wa 2013, kocha Alex Ferguson alistaafu. Msimu uliofuata United wakamaliza nafasi ya 7. Mimi niliyehama kutafuta malisho, malisho yalikauka nikiwa nimefika tu! Wale walioniita bingwa wakaanza kunicheka upya, na safari hii nilikuwa sina pa kujificha. Nilikuwa nimeacha kwetu, na kwa wageni kumeungua.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei 2014 kulikuwa na fainali ya Kombe la FA, Arsenal na Hull City. Huku kwetu ilianza jioni. Nilikwenda kwa mazoea tu. Kibanda kilikuwa kimejaa, na benchi ya mbele, ile ya watu wa Arsenal, ilikuwa na watu wachache. Kaka alikuwa pale na jezi yake ya zamani, rangi imekwisha kwa jua. Nilisimama nyuma.

Kabla ya dakika ya 10, Hull walikuwa wameshafunga mabao mawili. Kibanda kikalipuka. Watu wakaanza kuimba jina la kaka kwa dhihaka, na mmoja akatia chumvi, akasema labda ahesabu na mabao kama alivyohesabu mabati. Kila mtu alicheka. Mimi nilisikia neno lile kama jiwe, kwa sababu nilijua kaka alikuwa ameshalipa ile pesa yote, shilingi kwa shilingi, kwa kubeba samaki wakavu mpaka Lodwar. Na nilijua kwamba katika miezi 14 sikuwahi kusimama popote kumtetea.

Kaka aligeuka kuona nani amesema. Macho yake yakaniangukia mimi. Nikafikiri sasa ataniaibisha mbele ya watu. Badala yake akasogea kwenye benchi, akapangusa mchanga kwa mkono, akasema, "Njoo uketi, ndugu yangu. Mpira bado."

Niliketi. Nilikuwa na ile jezi nyekundu ya United, na watu walicheka sana, wakauliza mimi ni wa wapi hasa. Sikuwa na jibu. Arsenal wakarudisha moja, halafu la pili dakika ya 71, mechi ikaingia muda wa nyongeza, na dakika ya 109 Aaron Ramsey akafunga la tatu. Miaka 9 bila kombe ikaisha. Watu walirukaruka. Kaka hakuruka. Alinishika bega tu.

Asubuhi, Jumapili, nilipita njia ya zamani. Nilimwambia kaka na shemeji kwamba nimewakosea, nikataja kosa kwa jina lake, sikusema "kama niliwakosea". Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akachukua kikombe kwenye rafu, akasema, "Shemeji, kikombe chako bado kiko." Tulikwenda ibadani pamoja. Siku hiyo niliketi nyuma karibu na mlango.

Vijana watataka kujua kama nilirudi Arsenal. Nilirudi. Lakini kaka, kwa utani, alinipa nidhamu ya miezi sita bila jezi.

6. Kuna kuhama kuzuri

Sasa mtu asichukue somo hili akasema kila kuhama ni usaliti. La. Kama hakuna kuhama kuzuri, sisi sote tumepotea, kwa maana kuokoka ni kuhama.

Tazama Ruthu. Alikuwa Mmoabi. Aliacha watu wake na miungu ya kwao, akamfuata Naomi na Mungu wa Israeli. Huko ni kuhama kabisa! Lakini alihama akielekea wapi? Naomi alikuwa mjane, amefiwa na watoto, hana kitu, anarudi kwao mikono mitupu. Orpa alirudi nyumbani, na Ruthu akashikamana na yule asiyekuwa na chochote cha kumpa. Dema alihama kutoka kwa mtu wa minyororo. Ruthu alihama kwenda kwa mtu wa machozi. Safari ni mbili, na miguu ni tofauti.

Ndugu zetu wa Kakuma wana mfano wao wa karibu. Awer Mabil alizaliwa kambini Kakuma mwaka wa 1995, wazazi wake wakimbizi wa Sudan Kusini. Akiwa bado mtoto, familia ilihamia Australia mwaka wa 2006. Akakua, akavaa jezi ya nchi ile iliyowapokea. Tarehe 13 Juni 2022 kule Qatar, Australia walicheza na Peru kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, ikaishia penalti. Mabil alipiga yake, ikaingia, Australia wakafuzu. Baadaye alieleza kwamba penalti ile ilikuwa njia yake na ya familia yake ya kusema asante kwa nchi iliyowapokea. Na Kakuma je, aliisahau? Hapana. Yeye na ndugu yake walianzisha Barefoot to Boots, shirika la kuwasaidia wakimbizi, likaleta viatu vya mpira kwa watoto wa pale alipotoka yeye akicheza miguu mitupu. Amepata timu mpya bila kuona haya kwao.

Na kwetu sisi Waturkana, wanaume wanazaliwa pande mbili: Ng'imor, watu wa mawe, na Ng'irisai, watu wa chui. Kijana huwa upande ambao si wa baba yake. Baba akiwa wa mawe, mwana ni wa chui. Je, kwa hiyo si baba na mwana? Ni baba na mwana kabisa. Kwa hiyo nyumba moja ikiwa na Arsenal, Chelsea na Gor Mahia, hakuna neno. Upande tofauti hauvunji undugu. Kinachovunja ni kuona haya.

7. Neno kwa wanaobeti

Kuna namna nyingine ya kuhama ambayo imeingia mpaka kwa vijana wa kanisa, na sitainyamazia. Kijana ana bob 50 kwenye simu, anaweka mkeka wa timu nane. Jioni moja ni shabiki wa timu nane, kesho yake ni shabiki wa nyingine nane, na hampendi hata mmoja. Mkeka ukichanika anamtukana mchezaji ambaye jana alimwombea. Nimeona simu zimeuzwa. Nimeona ada ya shule imeliwa. Lakini hata ukishinda, kuna kitu kimeliwa: moyo unazoea kuuliza swali moja tu juu ya kila mtu, "Huyu ataniletea nini?" Moyo ukishazoea swali hilo, utamuuliza mke, utamuuliza rafiki, mwisho utamuuliza Mungu.

8. Jibu langu kwa kijana

Kwa hiyo, kijana wangu, kuhama timu ya mpira si dhambi. Hakuna andiko linalokufunga kwa Arsenal, na wengine watasema Mungu asifiwe kwa hilo. Timu haina machozi. Lakini jichunguze miguu yako ilielekea wapi, kwa sababu miguu hujifunza njia. Ukizoea kutoka kila bao la saba linapoingia, siku moja atakayekuwa nyuma saba kwa bila atakuwa ni mke wako aliye mgonjwa, au rafiki aliyeanguka, au mchungaji aliyesemwa vibaya, na miguu itajua njia ya mlangoni.

Na kama umeshatoka, sikia hili. Paulo anamtaja Dema katika mstari wa 10. Katika mstari wa 11 anamwagiza Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa kazi. Marko huyo ni yule aliyewaacha njiani zamani (Matendo 13:13), mpaka Paulo akakataa kusafiri naye (Matendo 15:37-38). Mistari miwili inafuatana: mmoja ameondoka, mwingine aliyewahi kuondoka anaitwa arudi. Kati ya Dema na Marko kuna mstari mmoja tu. Mpira bado.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Dema aliondoka bila ugomvi. Ni kwa njia zipi za kimya tunawaacha wenzetu hapa kwetu?
2. Kuna mtu ambaye njia yako ya jioni haipiti tena kwake? Kwa nini iliacha?
3. Mtu akiwekwa chini ya nidhamu kanisani, nani ataketi naye? Kikundi chenu kimewahi kufanya hivyo?
4. Ruthu alihama na Dema alihama. Eleza tofauti kwa maneno yako, ukitoa mfano wa Lodwar, Kakuma au Kerio.

Kazi ya wiki: Kabla ya Jumapili, mtembelee mtu mmoja unayeona haya kuonekana naye. Usimpelekee hotuba. Kunywa chai yake.

Maombi: Bwana Yesu, wewe uligeuka ukamtazama Petro wakati wewe mwenyewe ulikuwa umefungwa. Utugeuze shingo zetu ngumu. Tusamehe kwa ndugu tuliowakana kwenye moto wa watu wengine. Utupe miguu ya Onesiforo, itafutayo mpaka ipate. Na wale walioketi nyuma karibu na mlango wajue kwamba benchi bado ina nafasi. Amina.